KIBARUA CHA KIGANJANI

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inasikika mno siku hizi katika mabweni ya vyuo vikuu nchini Kenya, wala si katika mijadala ya fasihi simulizi. Hutolewa kama jibu, pale mwanafunzi anapoulizwa sababu ya kukesha akiwa ameiinamia rununu yake. Mmoja anapanga vito vya rangi katika mchezo ili ajikusanyie pointi. Mwingine amejifunika blanketi gubigubi, anasoma sentensi za Kiswahili kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine, na kuzituma kwa kampuni asiyojua iliko, ili alipwe shilingi chache. Wahenga walioiacha methali hiyo hawakusema kibaba ni cha nani.

Ni kosa kuwacheka vijana hawa, na ni kosa linalofanywa mara nyingi na wale ambao mshahara wao huingia benki kila mwisho wa mwezi. Mkopo wa serikali huweza kuchelewa, njaa haichelewi. Isitoshe, kijana anayesomea ualimu wa Kiswahili anajua fika kwamba wapo waliohitimu miaka mingi kabla yake ambao wangali wanasubiri kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Akiambiwa kwamba simu aliyo nayo mkononi inaweza kumpatia nauli ya kesho, atakataa kwa hoja gani? Jambo linalostahili kuulizwa si kama afanye au asifanye. Swali ni anauza nini, anamuuzia nani, na kwa nini idara zinazomfundisha Kiswahili zimekaa kimya juu ya biashara inayofanywa kwa Kiswahili chenyewe.

Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa, hakuna ambaye angehangaika kumtumia mtu wa Maseno au Kilifi ujira wa shilingi 30. Gharama ya kuutuma ingeuzidi ujira wenyewe. Fedha za simu ziliivunja kuta hiyo, na rununu za bei nafuu zenye intaneti zikaimalizia. Tangu hapo kazi imeweza kukatwakatwa vipande vidogo mno, kila kipande kikawa na bei yake, na kila mwenye simu akawa mwajiriwa wa dakika tano.

Programu zinazoahidi kipato cha namna hii huwekwa zote katika kapu moja, ilhali zinatofautiana kama usiku na mchana. Katika michezo, kinachouzwa ni macho ya mchezaji. Mwenye bidhaa humlipa mwenye mchezo kila tangazo linapotazamwa, naye mwenye mchezo humega kijisehemu cha malipo hayo na kumpa mchezaji. Hampi fedha, bali pointi, na thamani ya pointi huipanga yeye. Tena ameweka kiwango ambacho mchezaji hana budi kukifikia kabla ya kuruhusiwa kutoa chochote. Pointi za mwanzo hunyesha kama masika. Za mwisho hudondoka moja moja, hadi wengi wakachoka na kuondoka hatua chache kabla ya mstari, na kile walichokwisha kukichuma kikabaki kwa mwenye mchezo. Mwanafunzi wa Kiswahili hapa hana alichomzidi mtoto wa shule ya msingi. Kidole ni kidole. Jioni ikimpitia hivyo, amepoteza jioni na kifurushi cha data, basi.

Zipo pia zile ambazo hazina mchezo wala kazi. Hizi humtaka mtu alipe kwanza ndipo aanze kuchuma, kisha alete wenzake, nao walete wao. Kenya ililijua jambo hili kabla ya simu za kugusa: mnamo 2006 na 2007 maelfu ya watu walizamisha akiba zao katika miradi ya upatu, ambayo wengine huiita piramidi, na ikaporomoka. Mapema 2022 programu moja iliyojipachika jina la kampuni mashuhuri ya Marekani, bila ya kuwa na uhusiano wowote nayo, ilizimika pamoja na fedha za wanachama wake. Kazi inayomtoza kibarua ada ya kuingia shambani si kazi. Hilo halihitaji mhadhara.

Kazi za vipande ndizo zinazohitaji. Katika hizo, mwanafunzi huombwa asome sentensi na kuirekodi, au asikilize ya mwenzake na kuinukuu kwa maandishi, au alinganishe tafsiri mbili na kuonyesha iliyo bora, au aseme kama jibu lililotolewa na tarakilishi kwa Kiswahili ni sahihi. Kazi hii si ya kidole. Ni ya sarufi, matamshi, semantiki na tafsiri, yaani yale yale anayofundishwa tangu mwaka wa kwanza. Wala si jambo lililozuka jana. Kampuni ya Amazon ilianzisha soko la kazi kama hizi mwaka 2005 na kuliita Mechanical Turk, kwa jina la mashine ya kucheza sataranji iliyoundwa mwaka 1770. Mashine hiyo iliwastaajabisha wakubwa wa Ulaya kwa werevu wake, kumbe ndani ya sanduku alikuwamo mtu amejikunyata, akiyasogeza yale makete. Aliyelichagua jina hilo, yumkini kwa mzaha, alisema kweli tupu.

Mkono wa Kenya katika historia hii si mfupi. Mwaka 2009 mradi uitwao txteagle, wa mtafiti Nathan Eagle aliyewahi kufundisha nchini, ulikuwa tayari ukiwapa Wakenya vijikazi kupitia ujumbe mfupi wa simu, tafsiri ya maneno ikiwamo, na kuwalipa kwa muda wa maongezi au kwa M-Pesa. Simu nyingi za wakati huo zilikuwa zile za vitufe. Maneno ya lugha za Kiafrika yalikwisha kuwa bidhaa kabla ya wengi kuisikia akili bandia.

Mwanaleksikografia atatabasamu hapa, kwani Kiswahili kilikuwa na jina la hali hii zamani. Neno kibarua ni barua iliyodunishwa kwa kiambishi ki-. Katika mwambao, mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi, akakirudisha baadaye ili apokee ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika, mtu akawa kibarua, na hatimaye kazi yenyewe ikaitwa hivyo. Kazi ya kipande nayo ilikuwa na maana bayana: unalipwa kwa ulichokimaliza, si kwa saa ulizosimama juani. Leo kijikaratasi kimerudi kikiwa kioo. Tofauti ni kwamba kibarua wa kale alimjua nyapara kwa sura na angeweza kumngoja langoni. Kibarua wa kiganjani huandikiwa tu kwamba kazi yake imekataliwa, pasi na sababu, au hukuta akaunti yake imefungwa na ujira umo ndani. Machi 2024, Remotasks, iliyokuwa ikiwapa kazi za aina hii vijana wengi nchini, ilifunga shughuli zake Kenya. Waliokuwa wakiitegemea waliarifiwa kwa barua pepe.

Na ujira wenyewe? Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba sentensi moja iliyosomwa na kurekodiwa inalipiwa shilingi mbili. Mtu makini humaliza sentensi 40 kwa saa, maana lazima anyamazishe chumba, asome, ajisikilize, arudie penye kikohozi, kisha atume. Hizo ni shilingi 80. Moja katika kila tano ikikataliwa, zinabaki 64. Data iliyotumika ikigharimu 20, anaingia usiku na 44, ambazo hazifiki mbali hata katika kibanda cha chapati na maharagwe. Bei hubadilika, na zipo kazi zinazolipa vizuri zaidi. Umbo la hesabu halibadiliki. Hata walioketi ofisini hawakuwa mbali na hapo: Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliochambua maandishi ya kutisha kwa niaba ya kampuni ya OpenAI walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Lakini udogo wa ujira, pamoja na uchungu wake, si hoja nzito kuliko zote kwa wasomaji wa Kiswahili. Hoja nzito ni kile kinachotendwa kwa lugha ndani ya dakika hizo.

Chukua sentensi hii: Mato yake hayaoni ndia. Mwanafunzi aliyekulia Mombasa au Lamu hatatatizika, kwani mato ni macho na ndia ni njia, na hivyo ndivyo lugha ya watenzi wakubwa ilivyo. Sentensi hiyo ikipelekwa kwa wahakiki watatu waulizwe kama ni Kiswahili sahihi, na wawili kati yao wakiwa hawajawahi kusoma shairi la Kimvita, itapigiwa msalaba. Katika programu nyingi jibu la walio wengi ndilo huhesabiwa kuwa kweli. Yule wa tatu, aliyejua, huhesabiwa kuwa amekosea. Alama zake hushuka, na zikishuka mno hapewi kazi tena. Kwa hiyo humlazimu ajifunze kubashiri watakachosema wasiojua. Hii ni shule ya ajabu, ambamo mwanafunzi hulipwa ili asahau.

Upande wa pili kuna sentensi kama Mwalimu ako darasani. Msanifu ataikataa na kudai yuko. Hata hivyo, ndiyo sentensi inayosemwa Nairobi, Nakuru na Eldoret kutwa kucha, na chombo kinachokusudiwa kuwasikia Wakenya hakina budi kuielewa. Je, aikubali au aikatae? Mwelekezo wa kazi, ambao kwa kawaida umeandikwa kwa Kiingereza na mtu asiyekijua Kiswahili, haukuliwaza swali hilo. Isimujamii imeandika mengi kuhusu tofauti ya usahihi na ukubalifu. Lakini kwenye kioo kuna vitufe viwili tu, na saa inakimbia.

Tafsiri nayo ina vituko vyake. Kiingereza kina neno moja kwa mpunga ulioko shambani, mchele ulioko dukani na wali ulioko sahanini. Kina neno moja tena kwa mjomba na ami, bila kujali ni ndugu wa mama au wa baba. Na shangazi amechanganywa na mama mdogo. Mtafsiri aliyepewa sentensi tupu, isiyo na kabla wala baada, hana pa kuulizia. Anajaza moja na kusonga mbele, kwani akisita dakika mbili amekwisha kupata hasara. Mkusanyiko wa kusita kulikonyimwa nafasi ndio unaokuja kuitwa data ya Kiswahili. Kesho mashine iliyolishwa data hiyo itamsahihishia mtoto wa darasa la sita insha yake, na itamwandikia mwalimu wake maswali ya mtihani. Lugha iliyotajwa katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kuwa ya taifa na tena rasmi, iliyotengewa siku yake na UNESCO, tarehe 7 Julai, inafinyangwa usiku wa manane na watu waliochoka, wasioulizwa lolote.

Utumishi wa wenyeji kwa wageni wenye kiu ya Kiswahili ni wa kale, na haukuwa wa haki sikuzote. Hata hivyo, kulinganisha kunafunza. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikusanya tungo za Muyaka bin Haji na kumfafanulia mmishenari W. E. Taylor maana zake. Kutokana na hazina hiyo Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akaijengea uhakiki wake wa 1979. Jina la Sikujua halikupewa ukubwa uliolistahili, lakini limo. Kila aandikaye kuhusu Muyaka hukutana nalo. Alikaa na mwenzake, akamkatiza, akamwambia hapa sivyo, neno hili lina maana ya pili, na beti hili lilitungwa kwa sababu ya vita fulani. Kibarua wa kiganjani hana mtu wa kumkatiza. Jina lake ni nambari, na akiondoka nambari hufutwa, kazi ikabaki.

Sauti ni suala jingine ambalo wanafunzi hulichukulia kwa wepesi usiofaa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inapofafanua data za kibayometriki hutaja utambuzi wa sauti sambamba na alama za vidole na vipimo vya retina. Anayesoma sentensi 500 kwa shilingi mbili mbili amempa mtu asiyemjua kitu cha jamii moja na alama za vidole vyake, na pengine kiasi cha kutosha kuunda sauti bandia itakayosema asiyoyasema. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC jijini Nairobi wapigwe picha za mboni na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu kadhaa. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Waliokuwa kwenye foleni hiyo walisimangwa sana kwa kuuza macho yao. Wauzao sauti hawasimangwi, kwa kuwa hawapangi foleni. Wamo vitandani.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya yote ni manung'uniko ya walioshiba, na kwamba shilingi 44 ni bora kuliko sufuri. Ni kweli kwa anayezihitaji usiku huu, wala hapana haja ya kumnyang'anya. Wengine watasema kwamba lugha isiyokuwa na data itaachwa nyuma, na hiyo nayo ni kweli. Mozilla, kupitia mradi wake wa Common Voice, ilipata mwaka 2021 ufadhili wa dola milioni 3.4 kwa ajili ya sauti za Kiswahili. Wasomaji huko hujitolea, na kinachokusanywa huwekwa wazi ili yeyote akitumie, mwanafunzi wa Kenya akiwemo. Huko hakuna ujira, na mwenye njaa hawezi kujitolea kila usiku. Angalau lakini anajua nafaka yake inamiminwa katika kibaba gani, na akitaka kuchota, hazuiwi.

Lawama, basi, na iende inakostahili. Idara za Kiswahili zimekuwa zikifundisha tafsiri kana kwamba mwajiri wa mtafsiri ni mchapishaji wa vitabu au shirika la habari, ilhali mwajiri wa kwanza wa wengi ni programu ya simu. Kozi ya nadharia na mbinu za tafsiri haipungukiwi na kitu ikitenga wiki mbili kuchambua maelekezo ya kazi za vipande, kuyasahihisha, na kuonyesha yanapokinzana na sarufi. Kozi ya lahaja ingepata mifano hai kuliko ile ya vitabu vilivyochakaa. Mwanafunzi aliyerekodi sentensi elfu moja na kuweka daftari la zile zilizokataliwa ana tasnifu mkononi mwake, iwapo tu atapata mhadhiri wa kumwambia hivyo. Wahadhiri wengi hawajui kama daftari kama hilo linaweza kuwapo, kwa sababu wanafunzi huificha kazi hii kama mtu anayeficha madeni.

Vyama vya wanafunzi navyo havina udhuru. Mtu mmoja mmoja hawezi kubishana na kampuni kuhusu bei ya sentensi. Atafungiwa akaunti na mwingine aingie mahali pake. Tarehe 1 Mei 2023 wasimamizi wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi, jambo lililodhaniwa haliwezekani kwa watu wa kazi hizi. Chama cha Kiswahili cha chuo kikuu hakina haja ya kuanzia mbali hivyo. Kinaweza kujitokeza mbele ya wanaotafuta data ya Kiswahili kikiwa kundi lenye ujuzi linalojulikana, lenye mhariri wake na bei yake, na linalodai mambo ambayo Sikujua aliyapata bila kuyadai: nafasi ya kuuliza, nafasi ya kueleza, na jina kwenye ukurasa. Mteja asiyetaka hayo ataendelea kununua vipande vya shilingi mbili kwingine, na atapata vya shilingi mbili. Wapo wanaotaka kazi nzuri, na hawajui pa kubisha hodi.

Kazi ya kwanza haigharimu kitu. Ni orodha ya wanachama wanaojua Kimvita, Kiamu, Kitikuu, Kivumba na Kipemba, na wanaokijua Kiswahili cha Nairobi bila ya kukionea haya, kila mmoja na saa zake za nafasi, ibandikwe penye ubao wa idara pale pale yanapobandikwa matokeo ya mtihani.